Je, Mungu Anamjali Chura?

Somo: Mathayo 10:29–31, Mwanzo 2:15, Ezekieli 34:18–19



Mchungaji ameniomba niandike ukurasa huu wa wiki kwa sababu ya swali ambalo limekuwa likizunguka katika ushirika wetu hapa Mwabungo, na swali lenyewe linanigusa mimi na kazi yangu. Swali ni hili: kiumbe ambaye hatuoni faida yake, akipotea kabisa duniani, kuna kosa lolote mbele za Mungu? Na yule anayetumia maisha yake, na pesa za watu, kumlinda kiumbe huyo wakati binadamu wana shida, je, anafanya kazi ya Mungu au anapoteza wakati?

Wale msionifahamu vizuri, mimi nilisomea elimu ya viumbe, na kazi yangu ni vyura. Masika yakianza navaa gambuti, nachukua tochi na daftari, na pamoja na askari wa wanyamapori naingia Shimba Hills usiku kusikiliza madimbwi. Kila aina ya chura ana mlio wake, kama vile mnavyomjua mtu kwa sauti kabla hajafika mlangoni. Nasikiliza, nahesabu, naandika. Huko yuko chura mmoja mdogo wa matete ambaye anaenea juu ya kidole gumba. Wataalamu walimpa jina la kisayansi mwaka 1975, jina linalotokana na michirizi yake myekundu kama minyoo. Hajulikani kuishi mahali pengine popote duniani isipokuwa Shimba Hills na viunga vyake, hapa hapa Kwale yetu. Watalii wanakuja kuona ndovu na palahala. Huyu hata sisi wenyeji wengi hatujui kwamba yupo.

Maneno yanayosemwa juu ya kazi hii nayajua. Wako wanaosema mtu anayetembea usiku na tochi akitafuta vyura lazima awe anawapelekea waganga. Wako wanaosema ni mambo ya Wazungu, wana pesa nyingi mpaka hawajui pa kuzitia. Hayo yote nayamudu. Lakini kuna mama mmoja wa kanisa letu, mtu wa maombi, aliyeniuliza kwa upole kabisa baada ya ibada: "Mwanangu, mimi watoto wangu wanachota maji kwenye dimbwi moja na ng'ombe. Wewe unalipwa kuhesabu vyura. Siku ile Bwana akikuuliza, utamwambia nini?"

Swali la huyu mama si la kejeli, na mtu akikuuliza hivyo hujibu kwa haraka. Nimelibeba muda mrefu. Leo nataka tulifikirie pamoja, hatua kwa hatua, Biblia ikiwa wazi mezani.

Kwanza tuondoe hofu

Wengi wetu tulipookoka tulifundishwa kuogopa vitu fulani, na chura ni mmoja wao. Mtu anakumbuka pigo la Misri katika Kutoka sura ya 8, tena anakumbuka Ufunuo 16:13 ambapo Yohana aliona roho wachafu waliofanana na vyura. Basi anahitimisha kwamba chura ni mnyama wa shetani.

Lakini soma vizuri. Kule Misri vyura walikuwa upande wa nani? Walitoka kwa amri ya Mungu, wakaingia hata chumbani kwa Farao, na Musa alipoomba wakafa. Kiburi kilikuwa cha Farao. Vyura walitii. Na katika Ufunuo, Yohana anatoa mfano tu. Hasemi kwamba vyura ni mapepo, anasema mapepo yalionekana kama vyura. Petro anamfananisha ibilisi na simba angurumaye (1 Petro 5:8), na katika Ufunuo 5:5 Yesu mwenyewe anaitwa Simba wa kabila la Yuda. Mnyama ni yule yule, mfano mmoja wa adui na mwingine wa Bwana. Kwa hiyo huwezi kumhukumu mnyama kwa mfano aliotumiwa. Ukimwona chura jikoni, mtoe nje kwa ufagio, usimkemee kwa jina la Yesu. Yeye anatafuta unyevu na wadudu, hana habari na wewe.

Hilo likitoka njiani, tunabaki na swali lenyewe.

Habari za Kihansi

Nataka niwape mfano wa kweli kutoka kwa majirani zetu Tanzania, kwa sababu swali la yule mama liliwahi kuulizwa na taifa zima.

Kusini mwa milima ya Udzungwa kuna mto unaitwa Kihansi. Unashuka kwa kishindo kwenye korongo, na zamani maporomoko yake yalirusha manyunyu mchana na usiku. Katika manyunyu yale, kwenye sehemu ndogo ya hekta chache tu, aliishi chura wa rangi ya njano, mdogo wa sentimita mbili hivi. Huyu hatagi mayai kama vyura wengi. Anazaa watoto walio hai, wadogo mno kuliko ukucha wa kidole. Aligunduliwa na watafiti mwaka 1996. Hayuko kwingine kokote duniani.

Wakati anagunduliwa, mradi wa kuzuia mto ule ili kuzalisha umeme tayari ulikuwa umeanza. Benki ya Dunia ilikuwa miongoni mwa waliotoa pesa. Mitambo ikaanza kufanya kazi mwaka 2000, megawati 180, na kwa nchi ya Tanzania wakati ule hiyo ilikuwa stima nyingi sana. Karibu asilimia 90 ya maji ya mto yakaelekezwa kwenye mitambo. Manyunyu yakakauka, na vyura wakaanza kupungua.

Wataalamu wakafanya mambo mawili. Mwishoni mwa mwaka 2000 walichukua vyura 499 wakawapeleka Marekani, kwenye bustani za wanyama. Na kule korongoni wakafunga mabomba ya kunyunyizia maji, kuiga yale manyunyu ya Mungu. Kwa muda ilionekana kama imefaulu. Katikati ya mwaka 2003 walihesabiwa vyura karibu 21,000. Halafu ndani ya miezi michache wakaanguka. Januari 2004 walioonekana ni watatu tu. Watafiti walitaja ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ya chura, ambao umeua vyura katika mabara mengi, na pia matope yenye dawa za shamba yaliyoteremka bwawa lilipofunguliwa kusafishwa. Kule Marekani nako walikufa wengi mpaka mwaka 2004 walibaki pungufu ya 70. Mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini.

Wale wachache waliobaki walikuwa katika bustani mbili, Bronx kule New York na Toledo kule Ohio. Watu waliwalea ndani ya masanduku ya vioo yenye mvua ya kutengenezwa, wakajifunza taa gani inawafaa na wadudu gani wanawakula. Wakaongezeka. Mwaka 2010 vyura 100 wakasafirishwa kwa ndege kurudi Tanzania, wakapokelewa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa kwenye korongo lao. Kazi hiyo bado ni ngumu, na mabomba bado yanahitajika.

Sasa yule mama angekuwa Tanzania angeuliza: pesa zote hizo kwa chura wa sentimita mbili? Na wengi waliuliza hivyo hivyo, kwenye magazeti na bungeni. Si watu wabaya walioliuliza. Kuna vijiji ambavyo nguzo za umeme zinapita juu ya mapaa yao na ndani wanawasha koroboi.

Shomoro wawili kwa senti

Yesu anasema katika Mathayo 10 kwamba shomoro ni ndege wa bei ya chini kabisa sokoni, lakini hakuna hata mmoja anayeanguka pasipo Baba. Kisha anawaambia wanafunzi wasiogope, kwa sababu thamani yao ni kubwa kuliko shomoro wengi.

Hapa watu wawili wanasoma mstari huu kwa njia mbili. Wa kwanza anasema: umeona? Binadamu ni bora kuliko ndege, kwa hiyo ndege si kitu. Wa pili anasema: umeona? Mungu anajali ndege, kwa hiyo ndege na binadamu ni sawa. Wote wawili wamekosea.

Wa pili amekosea kwa sababu Yesu amesema wazi kwamba sisi ni bora. Simwambii mtu yeyote kwamba chura ni sawa na mtoto wake. Nyumba ikiungua na ndani kuna mtoto mchanga na chura wa mwisho duniani, namchukua mtoto, na sihitaji kufunga na kuomba ili nijue hilo.

Lakini wa kwanza naye amekosea, na kosa lake ndilo lililoenea zaidi makanisani. Fikiria kidogo. Kama shomoro mbele za Mungu si kitu kabisa, basi Yesu aliwafariji wanafunzi kwa nini? Mtu akikwambia wewe ni bora kuliko takataka, amekusifu? Faraja ya maneno yale inatokana na kwamba shomoro ana thamani ya kweli. Mungu anamwangalia akianguka. Na kama anamwangalia huyo wa senti, si zaidi wewe? Ukimpunguza shomoro mpaka sifuri, unapunguza na ile ahadi uliyopewa wewe.

Yona 4:11 ni vivyo hivyo. Mungu anamwambia nabii sababu za kuihurumia Ninawi, anataja watu zaidi ya elfu mia na ishirini, halafu hamalizii hapo. Anaongeza na wanyama. Angeweza kunyamaza baada ya watu. Hakunyamaza.

Kwa hiyo binadamu kwanza, ndiyo. Lakini kuwa wa kwanza hakumaanishi wengine hawapo kwenye foleni.

"Lakini dunia itateketea"

Ndugu mmoja aliniambia: Yesu anarudi, vitu hivi vyote vitayeyuka kwa moto (2 Petro 3:10), mbona unapaka rangi nyumba inayokwenda kubomolewa? Mwingine akasema: hata kabla binadamu hajaharibu kitu, wanyama wengi walishapotea. Mungu aliwaruhusu.

Nawajibu wote kwa heshima. Ndugu, hata mwili wako utarudi mavumbini, lakini mtoto akipandwa na homa usiku unatafuta bodaboda mpaka Msambweni hospitali. Hatusemi mwili utaoza kwa hiyo tuuache. Yule mtumwa aliyesifiwa katika Luka 12 alikutwa na bwana wake akifanya kazi aliyoachiwa. Hakukutwa amekaa barazani akitazama njia. Na kazi ya kwanza kabisa aliyopewa Adamu, kabla ya dhambi, kabla ya jasho, ilikuwa kulima bustani na kuitunza. Mambo mawili. Kulima tunakujua sana.

Na kuhusu wanyama waliopotea zamani: mwenye shamba akiamua kung'oa mwembe wake, ni haki yake. Je, hiyo inampa mlinzi wa shamba ruhusa ya kuukata? Watu wanakufa kila siku kwa mapenzi ya Mungu, na bado kuua ni dhambi.

Hatari ya kuuliza "ana faida gani?"

Ningeweza kumjibu yule mama kwa njia rahisi. Ningemwambia kwamba chura anakula wadudu, wakiwemo mbu. Ningemwambia kwamba chura anapumua na kunywa kwa ngozi yake, kwa hivyo sumu ikiingia majini yeye huanza kuumia mapema, ni kama mlinzi wa kisima. Hayo ni kweli. Nayafundisha shuleni.

Lakini sitaki kusimama hapo, na naomba mnielewe kwa nini. Tukisema kiumbe anastahili kuishi kwa sababu ana faida kwetu, tumekubali kipimo kibaya, na kipimo hicho hakiishii kwa chura. Leo tunauliza chura ana faida gani. Kesho tunauliza mtoto aliyezaliwa na ulemavu ana faida gani. Kesho kutwa tunamuuliza mzee asiyeweza tena kulima.

Na sisi watu wa Pwani hatuna haja ya kuagiza mifano kutoka mbali. Tumezika wazee, Kwale na Kilifi, waliokatwa mapanga kwa kushukiwa uchawi. Mvi na macho mekundu vimekuwa ushahidi. Na mara nyingi ukichimba chini ya ile tuhuma unakuta shamba: mzee anachelewa kufa, vijana wanataka kuuza. Walimpima mzee wao kwa faida, wakamwona anakula tu. Sisemi anayemdharau chura ataua mzee. Nasema kanisa lazima lijue thamani ya kitu inatoka wapi. Inatoka kwa aliyekiumba na kukiita chema. Tukilegeza hilo mahali padogo, tutatafuta kwa shida mahali pa kulikaza tena.

Ndiyo maana kwangu chura ni mahali pazuri pa kujifunzia. Hana wakili. Hapigi kura. Hana manyoya ya kupendeza. Hakuna atakayekushukuru. Ukiweza kumpa haki huyo kwa sababu tu ni wa Bwana, umeanza kuelewa.

Watawa wa Mexico

Nchi za mbali kuna wanyama wa jamii hii ya chura wenye mkia, wanaitwa salamanda. Umbo lao ni kama la mjusi, lakini ngozi yao ni laini na yenye unyevu, na wengine wanaishi majini maisha yao yote. Huku kwetu kusini ya jangwa la Sahara hawapo. Hao wako katika hali mbaya kuliko hata vyura. Utafiti wa dunia nzima uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba katika jamii hii yote, aina 41 kati ya kila 100 ziko hatarini kupotea, na kwa salamanda peke yao ni tatu kati ya kila tano.

Mexico, katika mji wa Pátzcuaro, kuna ziwa lenye salamanda wa majini anayeitwa achoque, ambaye anaishi katika ziwa hilo tu. Ziwa limechafuka, na samaki wageni waliotiwa humo wamewala. Karibu na ziwa kuna nyumba ya watawa wa Kikatoliki. Watawa hawa kwa miaka mingi wametengeneza dawa ya kikohozi kutokana na salamanda huyo, dawa ya asili ya wenyeji. Walipoona ziwani wanaisha, wakaanza kuwafuga wenyewe, kwenye matangi ya vioo na hata mabafu ya zamani. Leo wanao mamia, na wanasayansi wa nje wamekuja kujifunza kwao namna ya kuwatunza.

Hatukubaliani na watawa katika mafundisho mengi, hilo mnalijua. Lakini tazameni walipoanzia. Walianza kwa faida, dawa ya kuuza ili wapate riziki. Kisha walipomwona anakwisha, walijua kwamba anayekula mkate wa mtu ana wajibu kwake. Maabara kubwa haikuanza nao. Kilichoanza ni matangi, mikono, na saa za kila siku za kubadilisha maji. Mtu asiniambie kwamba kazi hii ni ya watu wenye pesa tu.

Dimbwi ni moja

Sasa nirudi kwa swali la maji ya watoto.

Nilipokwenda kuliona dimbwi lenyewe, nilikuta ni lile lile ambalo ningelipenda kulipima kwa ajili ya vyura. Juu yake, miti iliyokuwa ikishika ukingo imekatwa kwa makaa. Mtu anaosha pampu ya dawa ya shamba humo humo. Ng'ombe wanaingia mpaka katikati. Viluwiluwi hakuna. Na watoto wanaumwa matumbo.

Hapo nikaelewa kwamba mara nyingi tunaulizwa swali vibaya. Tunaambiwa chagua: mtoto au chura. Lakini dimbwi ni moja. Kinachomwondoa chura ndicho kinachomwumiza mtoto, isipokuwa chura anatangulia. Upande wa pili wa mizani hakuna mtoto. Kuna haraka ya mtu, au tamaa ya mtu, au uvivu wa kutembea hatua hamsini na pampu. Ezekieli 34:18–19 inawalaumu kondoo wanono waliokunywa maji safi kisha wakayavuruga kwa miguu, na wenzao wakalazimika kunywa yaliyovurugwa. Mungu hakulaumu kunywa. Alilaumu kuvuruga yaliyobaki.

Maji ya chemchemi za Marere, ndani ya Shimba Hills, yananywewa mpaka Mombasa. Msitu ule ukiliwa kidogo kidogo, atakayetangulia kuondoka ni yule chura wa michirizi myekundu, na hakuna gazeti litakaloandika. Lakini mifereji itakapokauka tutaandika wote.

Hata hivyo sitaki kudanganya kwamba daima ni rahisi hivyo. Kihansi haikuwa uvivu wa mtu. Nchi ilihitaji stima, na mimi siwezi kusema kujenga bwawa kulikuwa dhambi. Katika hospitali zao kuna watoto njiti waliokuwa hai kwa sababu ya umeme. Nasema kosa, kama lilikuwepo, lilikuwa katika mpangilio: kujenga kwanza, kisha kuuliza nani anaishi hapa. Luka 14:28 inasema mtu anayejenga mnara huketi kwanza akapiga hesabu ya gharama. Ile hesabu ilipaswa kumhesabu na chura. Na ilipopigwa mwishowe, maji ya kunyunyizia yaliyohitajika yalikuwa kidogo tu. Tanzania ilibaki na umeme wake, na njia ya kumtunza chura ilipatikana. Ila ilipatikana kwa kuchelewa, na kuchelewa kuna bei. Leo chura yule anategemea mabomba ya binadamu kwa kitu alichopewa bure na Muumba. Mungu husamehe kabisa, lakini kuna vitu ambavyo tukivivunja havirudi kuwa kama vilivyokuwa, na sisi tunabaki na kazi ya kuvishikilia kila siku. Hilo linapaswa kututia woga wa kiasi kabla ya kuvunja.

Kwa hivyo yule mama nilimjibu hivi: Mama, siku ile Bwana akiniuliza, sitamwambia nilihesabu vyura badala ya kuwapa watoto wako maji. Nitamwambia nilikuwa mlinzi mlangoni pa kisima chao. Na nikaongeza kwamba kama naona dimbwi limekufa kisha naandika kwenye daftari na kwenda zangu, basi swali lake ni la haki na litanihukumu. Tangu hapo, yeye na mimi na wazee wawili wa kijiji tumekuwa tukizungumza na wenye mifugo juu ya kuweka uzio upande mmoja na birika la ng'ombe upande wa chini. Bado hatujamaliza. Mmoja amekataa kabisa. Tunaendelea kumwendea.

Tufanye nini

Siombi mtu yeyote aache kazi yake awe mtu wa vyura. Naomba mambo manne tu. Usioshe pampu wala chupa ya dawa ya shamba kwenye kijito au dimbwi. Acha miti na majani kuzunguka chemchemi, hata kama shamba ni lako. Walimu wa Shule ya Jumapili, wafundisheni watoto kutowarushia vyura mawe wala kuwamwagia chumvi, kwa sababu mtoto anayefurahia kiumbe kikiteseka anajifunza kitu kingine pia. Na ukimwona mtu usiku na tochi kando ya dimbwi, mwulize anafanya nini kabla hujamwita mchawi. Mwaliko uko wazi: masika yajayo, anayetaka kuja kusikiliza na aje na gambuti.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii:

1. Soma Mathayo 10:29–31. Kama shomoro hana thamani yoyote, maneno ya Yesu yanatufariji vipi?
2. Katika kijiji chetu, ni nani au ni nini tunachopima kwa faida tu? Taja bila kumtaja mtu kwa jina.
3. Maji unayotumia nyumbani yanatoka wapi, na baada yako yanakwenda kwa nani?

Bwana atupe macho ya kuona vile anavyoona yeye, na mikono ya kutunza alivyotukabidhi. Amina.